Ndugu Wakigombana, Nani Ameshika Kapu?

Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, methali hii imegeuka kuwa sera ya mambo ya nje ya kila kijiwe. Wenye daladala wanaisema, wachambuzi wa redio wanaisema, na wasomi wanaisema kwa suti: uhuru wa dola, heshima ya mipaka, mafunzo ya Libya. Vita vya Congo ni vya Wakongo, vya Sudan ni vya Wasudani, na mgeni anayejitia kati hutoka na ngeu bila kupatanisha mtu. Basi tukalime.

Naipinga hoja hiyo, na siipingi kwa kuwa nayapenda majeshi ya kigeni. Mengi niliyoyasoma habari zake yamefanya mambo ya kutisha. Naipinga kwa sababu imejengwa juu ya nyumba isiyokuwapo: nyumba yenye ndugu wawili waliojifungia ndani, majirani wote wakiwa nje barazani na mikono yao mitupu. Nitajieni vita vya wenyewe kwa wenyewe katika ukanda huu, tangu uhuru, ambavyo wageni hawakuwa wameshaingia wakati sisi tungali tunajadili kama waingie. Kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani haijalizuia jeshi lolote lililodhamiria kuvuka mpaka. Imelifundisha tu kuvuka usiku, bila nembo begani, na kukana asubuhi.

Mwaka 1996 vita viliwaka Kivu, tukaambiwa ni Wakongo wanamwasi Mobutu. Kwa miezi kadhaa Kigali ilikana kuwa na askari huko. Laurent Kabila akaingia Kinshasa Mei 1997, akaapishwa, na Julai Paul Kagame akaliambia gazeti la Washington Post kwamba mpango ulikuwa wao na askari wao walikuwa mstari wa mbele. Muda wote huo Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1963, wenye kifungu chake cha kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, ulikuwa hai na umesainiwa na kila mhusika. Aliyefungwa na kifungu hicho hakuwa aliyevuka. Aliyefungwa ni yule ambaye angeweza kumkemea hadharani, kumwekea vikwazo, au kupeleka jeshi kwa jina lake halisi kuwalinda raia na wakimbizi waliokuwa wakiwindwa msituni kuelekea Kisangani.

Mwaka 1998 vikaanza vita vya pili, na safari hii karibu kila jirani alikuwamo: Rwanda, Uganda na Burundi upande huu, Angola, Zimbabwe na Namibia upande ule. Rwanda na Uganda zilifikia hatua ya kupigana zenyewe kwa zenyewe mjini Kisangani, ardhi isiyokuwa ya yeyote kati yao. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani mwaka 2005, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Huo ndio ugomvi wa ndugu tunaoambiwa tuuache uishe wenyewe.

Rudi sasa kwenye Goma ya leo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria katikati ya 2024 kwamba Rwanda ilikuwa na askari kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kivu Kaskazini. Kigali inasema hizo ni hatua za kujihami dhidi ya waasi wa FDLR, na FDLR si hadithi ya kutungwa. Kizazi chake kinatokana na waliofanya mauaji ya 1994. Hata hivyo Februari 2025 Baraza la Usalama, kwa kauli moja, lililitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liache kuisaidia M23 na liondoke. Na kapu? M23 iliikamata Rubaya, kwenye migodi ya koltani, Aprili 2024. Wataalamu walewale waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba kodi za madini hayo ziliwaingizia waasi karibu dola 800,000 kwa mwezi, na mzigo wenyewe ulivushwa kwenda Rwanda. Ndugu hawajapatana, mavuno yameshaanza. Anayetushauri tushike jembe angetuambia kwanza shamba lipi limebaki.

Sudan ni vivyo hivyo. Vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023 tuliambiwa ni majenerali wawili, Burhan na Hemedti, wanaogombea kiti. Januari 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliziita za kuaminika tuhuma kwamba silaha za Falme za Kiarabu ziliwafikia wapiganaji wa RSF wa Hemedti kupitia Chad. Abu Dhabi inakanusha hadi leo. Vikwazo vya silaha kwa Darfur vimekuwapo kwenye karatasi tangu 2004. El Fasher ilizingirwa kwa zaidi ya mwaka, watu wakala chakula cha mifugo, ikaanguka Oktoba 2025, na yaliyofuata yalionekana mpaka kwenye picha za satelaiti. Katika muda wote wa mzingiro, hoja iliyotawala katika korido za Addis Ababa ilikuwa kuheshimu mamlaka ya Sudan. Ndege za mizigo hazikuiheshimu.

Najua nitakachojibiwa: basi, ikiwa wageni ndio waliochochea, dawa si kuongeza wageni wengine. Jibu hilo linavutia masikioni, lakini halina jambo la kumfanya aliyeingia kwa siri atoke. Kumtaja tu hakumtoi. Mwaka 1994 kulitokea jaribio safi kabisa la sera ya jembe. Mauaji yalianza Rwanda usiku wa tarehe 6 Aprili, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 912 la kukipunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa cha Jenerali Dallaire, kilichokuwa na askari kama 2,500, hadi 270. Ugomvi uliachiwa wenyewe. Wapo wanaosema Wanyarwanda waliumaliza wenyewe mwezi Julai. Hawatuambii kwamba RPF, waasi walioshinda, iliundwa Uganda, kwamba makamanda wake, Rwigyema na Kagame, walikuwa maofisa wa jeshi la Museveni, na kwamba iliingia Rwanda Oktoba 1990 na silaha za jeshi hilo. Wala hawatuambii kwamba mwezi uleule Ufaransa ilipeleka askari kuuegemeza utawala wa Habyarimana. Nyumba ilikuwa imejaa wageni. Waliotoka ni wale tu waliotumwa kuwalinda watu.

Sisi Watanzania tuna kumbukumbu ya ajabu kuhusu jambo hili. Vita vya Kagera tunavisimulia kama vita vya kujitetea, na mwanzoni vilikuwa hivyo. Oktoba 1978 askari wa Idi Amin walivuka mpaka, wakaua, wakapora ng'ombe na mabati, daraja la Kyaka likavunjwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera ni yake. Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa: uwezo, sababu, nia. Kufikia Januari 1979 adui alikuwa ameshafagiliwa. Kwa hoja ya jembe, hapo ndipo pa kusimama: mpaka umerudi, jirani apambane na hali yake.

Jeshi halikusimama. Lilichukua Mutukula, ng'ambo ya mpaka, Februari likachukua Masaka, na Machi Waganda waliokuwa uhamishoni wakakutana Moshi wakaunda UNLF chini ya Yusuf Lule. Aprili 11 Kampala ikaanguka. Tusijifariji kwa maneno: huko hakukuwa kujitetea tena. Kulikuwa kumwondoa mkuu wa nchi nyingine kwa mizinga, bila kibali cha chombo chochote, tukishirikiana na waasi wake. Kulikuwa kuingilia kati kwa maana yake kamili, na kulikuwa sahihi.

OAU haikupendezwa. Kwenye mkutano wa Monrovia Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliikemea Tanzania mbele ya wakuu wenzao. Inafaa kukumbuka jumuiya hiyohiyo ilifanya nini katika miaka minane ya Amin. Mwaka 1975, Waganda wakiendelea kutupwa kwenye Nile, wakuu wa Afrika walikwenda kufanya mkutano wao Kampala na kumfanya Amin mwenyekiti wao. Tanzania, Zambia na Botswana hazikwenda. Na wakati wazee wa Monrovia wakilia na mipaka, kulikuwa na jeshi jingine la kigeni ambalo halikuwanyima usingizi: Gaddafi alikuwa amempelekea Amin askari na vifaru, na Machi 1979 walipambana na wetu barabarani Lukaya, kwenye vinamasi vya njia ya Kampala. Kuingia kumwokoa mtawala muuaji kulihesabika kuwa urafiki kati ya dola mbili. Kuingia kumtoa ndiko kuliitwa uvamizi. Hiyo ndiyo kanuni ya kutoingilia ikifanya kazi yake ya kawaida, nayo ni kumlinda aliyeko ikulu, siyo nchi.

Sehemu ya pili ya hadithi hii haipendezi, na laiti wapinzani wangu wangeitumia badala ya Libya, wangenibana zaidi. Lule alitawala siku 68, akang'olewa, akapelekwa Dar es Salaam. Godfrey Binaisa akashika, na Mei 1980 Tume ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamwondoa, huku maelfu ya askari wa Tanzania wakiwa Kampala na Entebbe. Desemba ukafuata uchaguzi uliobishaniwa uliomrudisha Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, Februari 1981 Museveni akaingia msituni, na Luwero ikajaa mafuvu. Je, si bora tungebaki Mutukula?

Hapana. Kosa la Dar es Salaam halikuwa kufika Kampala. Lilikuwa kufika, kushika uwanja wa ndege na barabara zote, kuwa na kauli juu ya nani akae ikulu na nani aondoke, kisha Muwanga alipompindua Binaisa kukumbuka ghafla kwamba siasa za Uganda ni za Waganda. Mwenye bunduki zote mjini hawezi kuwa mtazamaji. Kanuni ileile tuliyoikaidi kwa haki Januari 1979 tuliirudia Mei 1980, wakati ambao haikuwa na maana yoyote isipokuwa kukwepa lawama. Wajibu ulikuwa umeshahamia kwetu, tukaukataa. Hilo ni somo kuhusu namna ya kuingilia, na ni somo kali. Haliwi somo la kukaa nyumbani mpaka mtu anionyeshe jinsi Amin angeondoka bila kuondolewa.

Tuna mfano mwingine ambao hata hapa nyumbani ni wachache wanaoukumbuka, pengine kwa sababu ulikwisha upesi mno. Kanali Mohamed Bacar alikuwa ameking'ang'ania kisiwa cha Anjouan baada ya kujifanyia uchaguzi mwaka 2007 ambao Muungano wa Comoro na Umoja wa Afrika waliukataa. Vikwazo vikawekwa, wajumbe wakaenda na kurudi. Afrika Kusini ilikuwa ikitaka mazungumzo yaendelee. Rais Sambi wa Muungano aliomba msaada, na Machi 25, 2008 askari wa Tanzania na Sudan pamoja na wa Comoro wakashuka kisiwani. Kikwete ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Bacar alitorokea Mayotte kwa boti, na katikati ya mwaka huo watu wa Anjouan walipiga kura wakamchagua rais mwingine wa kisiwa. Siasa za Comoro hazikutakata kwa ajili hiyo, na wala haikuwa kazi ya jeshi lile kuzitakasa. Lilikuwa na kazi moja iliyosemwa kwa sauti, lilikuwa na mwenyeji aliyeliita, na likaondoka.

Congo nayo iliwahi kupata nafasi kama hiyo. Novemba 2012 M23 iliitwaa Goma mara ya kwanza, mbele ya macho ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Machi 2013 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2098 na kuunda kikosi cha kuingilia kati chenye ruhusa ya kushambulia, siyo kulinda kambi tu. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kamanda akiwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Wakati huohuo wafadhili kadhaa wa Magharibi walikuwa wamesimamisha sehemu ya misaada yao kwa Kigali. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja: jeshi wazi mbele, shinikizo wazi nyuma. Novemba 5, 2013 M23 ilitangaza kuacha vita. Mimi siku zile niliwasikia wengi wanaosema jembe leo wakishangilia.

Kilichofuata ndicho kinachotumiwa kunikosoa, na ni haki yao. Kikosi hakikuwageukia FDLR kwa nguvu ileile, waasi wa ADF waliendelea kuchinja watu Beni, na Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa kambini Semuliki. M23 ikaibuka tena mwishoni mwa 2021. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikapeleka kikosi Novemba 2022 bila kukubaliana na Kinshasa kama kimekwenda kupigana au kusimama katikati. Mwaka mmoja baadaye kilifungashiwa virago. SADC ikaingia Desemba 2023, ikapoteza askari Sake na Goma, na Machi 2025 wakuu wake wakaufuta ujumbe huo. Matukio hayo mawili yanaitwa uthibitisho kwamba kuingilia kati hakufai. Mimi nayaona kama uthibitisho kwamba kupeleka askari wa kuonekana hakufai. Mwaka 2013 palikuwa na helikopta za mashambulizi, amri isiyo na utata, na jirani aliyebanwa mfukoni. Mwaka 2024 palikuwa na askari wachache wasio na ulinzi wa anga, wakikabili waasi wenye msaada wa jeshi la nchi, huku mikataba ya kibiashara na Kigali ikiendelea kusainiwa Ulaya. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia saini makubaliano na Rwanda kuhusu madini muhimu. Madini gani hayo, na yatokayo wapi, mtu aliyewahi kutazama ramani hahitaji kuelezwa.

Sasa Libya, kwa sababu najua mmekuwa nayo mkononi tangu aya ya kwanza. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama, la Machi 17, 2011, liliruhusu kuwalinda raia. Afrika Kusini, Nigeria na Gabon, wanachama wetu watatu barazani wakati huo, walilipigia kura ya ndiyo, jambo ambalo husahauliwa na wanaosema wazungu walituamulia. Mabomu yalipoanza, ujumbe wa marais wa Umoja wa Afrika uliokuwa tayari kwenda Tripoli ulizuiwa kuruka. Kuwalinda watu wa Benghazi kukageuka kumsaka Gaddafi, Oktoba akauawa, na waliompiga kutoka angani wakafunga mahesabu wakarudi kwao. Silaha zake zikashuka Mali. Mwaka 2016 kamati ya Bunge la Uingereza ilikiri kwamba hapakuwa na mpango wa siku ya baadaye. Sina neno la kuitetea Libya. Lakini angalia kilichoharibika: walidanganya kuhusu kazi waliyoiombea ruhusa, na hawakuwa na wa kumjibu ilipoharibika. Magonjwa yale yale ya kuvuka usiku, safari hii yakiwa yamevaa sare na bendera. Hata baada ya hapo Libya haikuachwa: Uturuki, Urusi, Misri na Falme za Kiarabu zote zimeweka mkono. Walioacha ni wale waliokuwa na wajibu wa kubaki.

Kwa hiyo ninachokidai ni kitu kidogo na kigumu. Anayeingia aingie mchana, ataje aliyemtuma na anayemlipa, aseme kazi yake na mwisho wake, na awepo wa kumshtaki akivunja ahadi. Umoja wa Afrika ulijipa haki hiyo Lomé mwaka 2000, katika kifungu cha 4(h) cha Mkataba wake: kuingilia kati penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kifungu kimekaa robo karne bila kutumika. Walikikaribia Desemba 2015, walipoidhinisha askari 5,000 kwa ajili ya Burundi. Rais Nkurunziza akasema watapigwa vita, na mwishoni mwa Januari wakuu wenzake wakanywea. Kila aliyekaa meza ile alikuwa na sababu ya kuogopa kwamba kesho ni zamu yake, na sidhani hofu hiyo inastahili kuitwa heshima kwa uhuru wa mataifa.

Watasema gharama. Kweli, Kagera ilitufilisi. Mwalimu aliomba miezi 18 ya kufunga mikanda na dhiki ikavuka miezi hiyo kwa miaka. Ila wanaofanya hesabu hii huandika upande mmoja tu wa daftari. Mwisho wa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na misitu ya kule ikageuka kuni. Hatukuwa tumeingilia chochote. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita vile ambavyo Kigali ilikana kuwamo. Bado ipo. Wamezaliwa watu pale, wamesoma pale, wameoana pale, na sasa wanawapeleka watoto wao shule palepale, katikati ya mkoa wa Kigoma, kwenye kile tunachoambiwa kuwa ni jambo la ndani la Congo.